Alama Kwenye Chupa ya Siki

Mama yangu anapiga pasi. Ndiyo kazi yake, na ndiyo iliyonilea. Mtaani wanamwita Mama Mikunjo, na mgeni akilisikia jina hilo hudhani linahusu uso wake, kumbe linahusu suruali. Mkunjo wa suruali aliyoipiga mama unakaa siku tatu. Mwenye suruali apande pikipiki, anyeshewe, ashinde kwenye benchi la hospitali tangu alfajiri, jioni ukiutazama bado umesimama. Sitii chumvi. Nimevaa sketi za shule alizozipiga yeye, najua ninachosema.

Mwanamke huyu hodari alimpoteza wifi yake, dada wa baba yangu, kwa ajili ya siki ya vidole viwili. Ninachoandika hapa ni jinsi alivyompoteza, na jinsi alivyokwenda kumtafuta. Mimi mwenyewe nina sehemu yangu katika jambo hili, na si sehemu nzuri.

Pasi yenyewe ni ya mvuke, ya bluu, nzito upande wa nyuma. Mama aliipata kwenye hoteli aliyokuwa akifanya kazi ya udobi. Hoteli ilipofungwa, kila mfanyakazi aliambiwa achukue kitu kimoja. Wenzake walibeba mashuka, mmoja akabeba kioo kirefu cha ukutani, yeye akachukua pasi. Walimcheka njia nzima. Mwaka haukuisha, alikuwa anapiga sare za wauguzi wa hospitali nzima, nyeupe pe, naye aliyebeba kioo alikuwa anamletea mama nguo za watoto wake.

Pasi hiyo ilikuwa na sheria moja: haishikwi. Mwaka wa kwanza baba aliichukua bila kuuliza, akitaka kunyoosha kola ya shati la kwendea msibani, ikamponyoka ikaanguka sakafuni. Maneno aliyoambiwa siku hiyo sitayaandika. Tangu hapo mama alipata kauli yake, akawa anaitoa mbele ya kila mteja: "Pasi yangu haijaguswa na fundi hata siku moja. Ni mkono tu." Halafu anaunyanyua mkono wa kulia ili wauone.

Baba alikuwa fundi viatu. Alikuwa na kigoda chake barazani, sanduku la mbao lenye sindano, nta, uzi na makopo ya rangi, na subira isiyo ya kawaida. Alikuwa mtu wa maneno machache, na mama aliyejaliwa maneno kwa wote wawili aliona huo ni uvivu. "Baba yako kazi yake ni kukaa," alikuwa akiniambia. "Hata akisimama, ukimwangalia vizuri, amekaa." Baba alikuwa akicheka. Mimi pia nilicheka, na leo najuta.

Shangazi aliishi nasi, kwenye chumba cha uani. Alikuwa anatengeneza pilipili za chupa na kuziuza kwa majirani. Kicheko chake kilisikika hadi barabarani, na mikono yake ilikuwa myepesi sana wakati wa kunisuka. Ndiye pekee aliyenisuka nisilie. Mama na yeye walipendana kwa kelele, kama mawifi wengi. Walitaniana asubuhi, wakanuniana mchana, jioni wakala sahani moja.

Sasa siki. Mama hutumia siki kwenye kola na makwapa. Jasho likikaa kwenye nguo nyeupe hugeuka rangi ya njano, na ukilipiga pasi hivyo hivyo linagandia humo milele, kwa hiyo unalipaka siki kwanza, unasuuza, ndipo unapiga. Chupa ilikaa kwenye rafu ya jikoni. Nilipokuwa na miaka kumi na miwili, mama aligundua kwamba siki inaisha haraka kuliko inavyotumika. Ijumaa moja alichukua kalamu ya wino, akachora mstari kwenye karatasi ya chupa, sawasawa na siki ilipofika, akairudisha rafuni.

Jumamosi ndiyo siku yake ya kupeleka sare hospitalini. Anatoka asubuhi na kurudi adhuhuri. Aliporudi siku hiyo hakuvua hata viatu. Alikwenda moja kwa moja jikoni, na siki ilikuwa chini ya mstari, vidole viwili kamili. Alitoka na chupa mkononi hadi bombani, pale uani tunapochota maji wapangaji wote, na kwa kuwa ilikuwa Jumamosi wanawake walikuwa wamejaa na ndoo zao.

"Nani kaingia jikoni kwangu?" akauliza.

Nilikuwa pale. Na nilikuwa na kinyongo na shangazi, kwa sababu wiki ile alikuwa amenisemea kwa mama kuhusu kitabu cha shule nilichokipoteza, nikachapwa.

"Nimemwona shangazi," nikasema. "Katoka jikoni na hiyo chupa."

Nilikuwa nimemwona kweli. Nilichosema hakikuwa uongo. Lakini nilikisema kwa sauti ya juu, watu wasikie.

"Wifi," mama akamwambia shangazi, aliyekuwa anafua, "ungeniomba ningekupa. Pilipili zako unazichovya kwenye siki yangu, kisha unaniuzia mimi mwenyewe?"

"Mimi nimechukua siki yako?"

"Mtoto kakuona."

"Mtoto kaniona nimeshika chupa."

"Basi ulikuwa unaibembeleza ilale?"

Watu wakacheka. Shangazi hakucheka. Aligeuka akamtazama baba, aliyekuwa kwenye kigoda chake barazani na kiatu cha mtu magotini. Nakumbuka vizuri kwamba baba aliinua kichwa, akafungua mdomo, kisha akaufunga, akaendelea kushona.

"Mwizi mkubwa," mama akamalizia. Neno lenyewe ndilo hilo. Lilisemwa mbele ya watu kumi na zaidi, na halikuweza kurudi. Shangazi alisuuza nguo zake, akazikamua, akafungasha, na kabla ya jua kuzama alikuwa ameondoka na godoro lake juu ya mkokoteni.

Mama angeweza kujuta, naamini. Wiki ya kwanza alianza kujuta. Nilimsikia akimuuliza baba, kana kwamba hajali, wifi yake amepata chumba wapi. Lakini wiki ya pili alichora mstari kwenye chupa, na Jumamosi siki haikupungua. Wiki ya tatu vilevile. Wiki ya nne vilevile. Mwizi ameondoka na siki imetulia, unataka ushahidi gani tena? Moyo wake ukafunga mlango, na ule mstari ukawa mazoea. Kila chupa mpya iliyoingia nyumbani ilichorwa alama, miaka tisa.

Baba alifariki mwezi wa tatu mwaka huu, kwa figo, baada ya wiki mbili hospitalini. Wauguzi waliomhudumia walivaa sare zilizopigwa pasi na mama, na hilo lilimpa faraja kidogo, sijui kwa nini. Shangazi alikuja mazikoni. Alikaa nyuma kabisa na majirani, wakati nafasi yake ilikuwa mbele. Mama alimwona na hakumsogelea. Mama hakulia pia. Watu walisema ana moyo wa chuma. Mimi nilidhani hajaelewa bado kwamba kile kigoda hakitakaliwa tena.

Mwezi wa tano pasi ilianza vituko.

Kwanza mvuke ulipungua. Unabonyeza kitufe, pasi inakohoa kidogo, inanyamaza. Baadaye ikaanza kutema magamba meupe, madogo kama chumvi, yanayobaki kwenye nguo ukipita. Mama aliyapangusa kwa kitambaa na kuendelea. Mwezi wa sita ikatema maji ya kahawia. Tone moja, katikati ya kifua cha sare ambayo ilikuwa tayari kukunjwa. Mama aliliangalia lile tone kama mtu aliyetukanwa na mwanawe.

Alifanya kila analolijua. Alisema ni sabuni haikusuuzwa vizuri, akazifua upya sare zote. Alisema ni wanga umeungua chini ya pasi, akamwaga chumvi juu ya gazeti na kuipitisha pasi ikiwa ya moto, na kweli uso wa pasi ukang'aa, lakini tone likarudi. Alisema labda moto ni mdogo na maji hayageuki mvuke, akazungusha kitufe hadi mwisho, akaunguza mkono wa blauzi. Alilaumu bomba, akaanza kuchemsha maji na kuyaacha yatuame. Hilo lilikuwa wazo zuri, lakini lilikuwa limechelewa. Mwisho alilaumu umeme, kwa sababu umeme haujibu.

"Twende kwa fundi, mama," nikamwambia.

"Pasi hii haijaguswa na fundi."

"Ndiyo, mama. Na inatema kutu."

Akaichomeka pasi, akaendelea na kazi. Lakini Jumatano matroni wa hospitali alirudisha sare nane. Ni mwanamke mstaarabu, alikuja nazo mwenyewe mikononi, zimekunjwa. "Mama, Jumatatu tuna wakaguzi," akasema. "Nimekutetea mwezi mzima. Safari hii zikija hivi, itabidi nizipeleke kwa yule dobi wa mashine." Mama alipokea sare nane kwa mikono miwili, uso umemshuka. Alhamisi asubuhi aliifunga pasi kwenye kanga kama anavyofungwa mtoto anayepelekwa kliniki, tukatoka.

Fundi tuliyempata ana kibanda nyuma ya soko, kimejaa redio zisizo na vifuniko na feni zisizo na mapanga. Miwani yake imefungwa kwa kamba shingoni, na ana tabia ya kukaa kimya mpaka umalize kujitetea. Mama alijitetea kwa muda mrefu: pasi ni nzima, ina miaka mingi, haijawahi kufunguliwa, ni maji tu ya siku hizi. Fundi alisikiliza. Akaigeuza pasi, akavaa miwani, akaangalia skrubu za nyuma.

"Mama, umesema haijafunguliwa?"

"Hata mara moja."

"Njoo uone. Vichwa hivi vimelika. Bisibisi imeingia hapa mara nyingi sana, na haikuwa saizi yake. Labda ilikuwa ncha ya kisu."

"Utakuwa umekosea, fundi."

Fundi hakubishana naye. Alifungua skrubu, akaondoa kifuniko cha kisigino cha pasi, pale waya unapoingilia. Chini ya ule mpira unaoushika waya shingoni, ngozi ya waya ilikuwa imepasuka zamani, kama zinavyopasuka zote kwa kukunjwa kunjwa. Lakini mpasuko ulikuwa umezungushiwa utepe wa umeme, na juu ya utepe umefungwa uzi mweusi wa nta, mzunguko juu ya mzunguko, uzi umebanana bila nafasi, na mwisho wake una fundo dogo lililopindishwa mara mbili na kufichwa chini ya mzunguko wa mwisho.

"Huyu si mwenzetu," fundi akasema. "Sisi tunafunga kwa klipu. Lakini kazi ni safi. Bila huu uzi, mama, umeme ungekupiga siku nyingi."

Mama alisogea karibu. Aliinama, akaligusa lile fundo kwa ncha ya kidole. Mimi pia nililiona. Nimevaa fundo hilo utoto wangu wote, kwenye viatu vyangu, kwenye mkoba wangu wa shule, kwenye mkanda wa saa. Hakuna mtu mwingine aliyekuwa akilificha chini ya mzunguko wa mwisho.

Fundi aliendelea, hajui anachofanya. "Na mtu huyu alikuwa anaisafisha. Maji yetu haya yana chokaa nyingi, inaganda humu ndani mvuke unapopita. Pasi ya umri huu ingekuwa imeziba kitambo, lakini hii chokaa niliyoikuta ni ya miezi tu. Miezi minne, mitano. Kabla ya hapo kuna mtu alikuwa anaitoa, tena kwa zamu, bila kuruka. Na alikuwa anamwaga maji ya tangi kila siku, kwa sababu humu ndani kutu ni changa. Wewe unayaacha yalale humu?"

"Nayaacha," mama akasema, kwa sauti ambayo sikuijua.

"Usiyaache. Ukimaliza kazi yamwage pasi ikiwa na joto bado, ijikaushe yenyewe. Na kila wiki mbili, au wiki kama unapiga nguo nyingi, unajaza tangi maji nusu na siki nusu..."

"Nini?"

"Siki. Ya kawaida hii ya jikoni. Unaipasha moto, unaizima, unaiacha siki iyeyushe chokaa, halafu..."

Mama alikaa. Hakutafuta kiti, alikaa juu ya redio ya mteja, na fundi kwa ubinadamu wake hakumwambia ainuke. Aliisafisha pasi hapohapo huku akituonyesha. Uchafu uliotoka kwenye yale matundu ulilijaza bakuli rangi ya chai. Alisuuza kwa maji safi mara tatu, akachokonoa matundu kwa njiti, akaipitisha pasi juu ya leso nyeupe. Mvuke ukatoka kwa nguvu, na leso ikabaki nyeupe. Mama aliiangalia leso bila furaha yoyote.

Tulitembea mpaka kwenye kona ya nyumbani. Hapo mama akasimama.

"Wewe ulimwona," akasema.

"Nilimwona na chupa, mama. Sikumwona akiiba. Sikuona alikokwenda nayo."

"Hukusema hivyo."

"Sikusema hivyo," nikakubali.

Tulipoingia ndani mama alivuta sanduku la baba kutoka chini ya kitanda. Tangu mazishi hakuna aliyelifungua. Juu kulikuwa na makopo ya rangi na brashi, chini yake ngozi na nta, na chini kabisa, imezungushiwa kitambaa chenye madoa ya kahawia, chupa ya siki. Ilikuwa imebaki theluthi. Pembeni mwake kulikuwa na kifurushi cha njiti za meno na kisu kidogo kilichovunjika ncha.

Ndipo tulipoelewa yote, na mimi nikaelewa zaidi ya nilivyotaka. Shangazi alipoondoka siki ya jikoni haikuacha kupungua kwa sababu mwizi ameondoka. Iliacha kupungua kwa sababu baba alianza kununua yake na kuificha. Alijua dada yake ameitwa mwizi kwa ajili yake. Alijua kila Jumamosi, kwa miaka tisa, akiwa ameishika chupa hiyo. Nampenda baba yangu, na nitampenda mpaka nami nifukiwe, lakini siku ile nilimkasirikia sana. Alikuwa na subira ya kuzungusha uzi mara arobaini juu ya waya, hakuwa na ujasiri wa kusema sentensi moja.

"Alikuogopa, mama," nikasema, kwa hasira.

"Najua," mama akasema. Alikuwa ameishika ile chupa kwa mikono miwili. "Na nani alimfanya aniogope?"

Kesho yake asubuhi tulikwenda kwa shangazi. Anakaa mtaa wa tatu kutoka kwetu, mwendo wa dakika ishirini ambao mama hakuwahi kuutembea. Chumba chake kina rafu ya chupa za pilipili kuanzia sakafu hadi dirishani, na nje ya mlango kuna jozi ya viatu vilivyoshonwa ubavuni kwa uzi mweusi. Nikajua baba alikuwa akifika pale.

"Hodi, wifi," mama akasema.

Shangazi alitoka akajifuta mikono. Ameota mvi. Alimtazama mama, akanitazama mimi, akaitazama chupa aliyoishika mama.

"Mmeleta ushahidi," akasema.

"Nimekuja kusema nilikusingizia."

"Sasa hivi ndiyo umejua?"

"Jana. Pasi imeharibika. Nimeikuta hii kwenye sanduku lake."

Shangazi aliegemea mlango. Hakutukaribisha ndani, wala hakutufukuza. "Siku ile alinituma nimletee chupa, yeye ameishika pasi magotini nyuma ya chumba changu, matundu yanachuruzika. Akaniambia, dada, usimwambie. Mwaka ule ulikuwa umepewa hospitali yote, unatembea kichwa juu. Akasema, akijua naishika pasi yake ataona nimemvua nguo. Ndivyo alivyosema. Ulipokuja na chupa yako pale bombani nilimwangalia aseme. Akafumba mdomo."

"Kwa nini hukusema wewe?"

"Nilitaka aseme yeye!" Hapo sauti ya shangazi ilipanda, na ilikuwa ileile ya zamani. "Ni kaka yangu. Nilimngoja. Kila mwezi alikuja hapa na sabuni na sukari, ananishonea viatu, analia kwenye hicho kiti, ananiambia dada, mwezi huu nitamwambia. Amekufa hajakwambia. Mnamzika, mimi nakaa nyuma na watu wa kuja kuangalia."

Mama aliinamisha kichwa. Nilipiga moyo konde. "Shangazi," nikasema, "mimi ndiye niliyesema nimekuona."

"Wewe ulisema ulichokiona," akanijibu. "Ukweli wako haukuniuma. Kilichoniuma ni kwamba ulifurahi. Nilikuona."

Nilirudi nyuma ya mama.

"Nisamehe, wifi," mama akasema.

"Hapa tupo watatu," shangazi akasema. "Mwizi hukuniita tukiwa watatu."

Alirudi ndani akafunga mlango, taratibu, bila kuubamiza.

Nilijua anachodai, na mama alijua pia. Na ni vizuri ieleweke lilikuwa jambo zito. Chumba cha pili kutoka kwetu anakaa muuguzi, msaidizi wa matroni, na Jumamosi naye huchota maji. Kusema bombani ni kusema hospitalini. Mama alikuwa na kitu kimoja tu cha kujivunia maishani, kwamba pasi yake haijaguswa na kazi ni ya mkono wake, na kitu hicho ndicho kilichompa kazi. Mume amekwenda, sasa akatoe na jina? Ijumaa hiyo, tuliporudi, alipiga pasi sare za siku ya wakaguzi mpaka usiku, na zilitoka nyeupe, zimesimama, hazina dosari. Angeweza kunyamaza. Ilimtosha kunyamaza tu, kama alivyofanya baba.

Jumamosi alfajiri alinituma kwa shangazi na ujumbe mfupi: njoo bombani. Sikutegemea kwamba angekuja. Alikuja. Alisimama mlangoni mwa ua, hakupita.

Wanawake walikuwa kwenye foleni, muuguzi akiwa wa tatu. Mama alitoka nje na pasi mkono mmoja, chupa ya baba mkono mwingine.

"Naomba mnisikilize," akasema. "Nimewaambia miaka yote pasi hii haijaguswa. Iliguswa kila Jumamosi. Mume wangu ndiye aliyekuwa akiisafisha mimi nikiwa njiani, na kila jioni alimwaga maji yake nikiwa naoga, na waya aliufunga yeye nisife. Mimi sikujua. Nilikuwa nasema anakaa tu." Akainua chupa. "Siki ilikuwa inakwenda huko. Huyu wifi yangu nilimwita mwizi, hapahapa, mbele yenu. Hakuchukua kitu. Aliyekuwa akisema uongo hapa bombani miaka tisa ni mimi."

Ndoo iliyokuwa chini ya bomba ilijaa, ikafurika, maji yakatambaa hadi miguuni mwetu. Muuguzi alikuwa ameangalia chini. Mama alibaki amesimama na vitu vyake viwili, mkono wake wa kulia, ule wa kuonyesha wateja, umeshika chupa ya baba.

"Umemaliza?" shangazi akauliza kutoka mlangoni.

"Nimemaliza."

"Basi fungeni bomba. Maji yanapotea bure."

Akavuka ua. Alipita katikati ya wanawake, wakampisha, akaingia jikoni kwetu kama mtu aliyetoka dukani. Alitoka na chupa ya mama ya rafuni, yenye alama. Aliuangalia ule mstari, akalowesha kidole gumba kwa ulimi, akausugua mpaka karatasi ikachanika.

"Leo Jumamosi," akasema. "Lete hiyo pasi."

Tulikaa nyuma ya chumba chake cha zamani, mama kwenye kigoda cha baba. Shangazi alishika chupa, kama siku ile. Alimimina siki, mimi nikamimina maji, mama akaipasha moto pasi mpaka ikaanza kunguruma, akaizima. Alitaka kuitikisa hapohapo, na shangazi akamshika mkono.

"Bado," akasema. "Kaka alikuwa anaiacha nusu saa."

Tukaiacha nusu saa. Ndani ya hiyo nusu saa ndipo mama alipomlilia baba.